Msiulize kama ni kweli, ulizeni limepatikanaje: barua ya wazi kuhusu maungamo ya polisi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ninyi Waheshimiwa Wabunge mnaotunga sheria kwa niaba yetu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mstaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Kanda ya Ziwa, na kwa kuwa kila hakimu wa mahakama ya mwanzo ni mlinzi wa amani, yaani mtu ambaye sheria inamruhusu kuandika ungamo la mtuhumiwa, polisi walikuwa wakiniletea watuhumiwa waliotaka, au waliosemekana wanataka, kuungama. Maelezo ya namna hiyo nimeyaandika mengi, na mengi nimeyasahau. Moja sijalisahau.

Aliletwa asubuhi na askari wawili waliovaa kiraia. Kesi ilikuwa ya mauaji ya kikongwe, yale mauaji ya imani za kichawi ambayo kwetu tumeyazika mpaka tukachoka. Niliwaambia askari watoke nje kama utaratibu unavyotaka. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha langu. "Shikamoo, mama," akasema kijana. Nikaitikia, nikamwambia akae. Alikaa pembeni kabisa ya kiti, kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa.

Nikaanza na maswali tunayotakiwa kuuliza. Ulikamatwa lini? Wapi? Jana ulilala wapi? Kuna mtu yeyote aliyekupiga, aliyekutisha au kukuahidi kitu ili uje useme? Hapo aliangalia dirishani kwanza. "Hapana mama, nimekuja kwa hiari yangu." Mlinzi wa amani anatakiwa pia kuukagua mwili wa anayeungama. Mgongo ulikuwa safi. Mikono ilikuwa safi. Nilipomwambia avue kandambili nikaziona nyayo: zimevimba mpaka ngozi inang'aa. Nikamuuliza zimekuwaje. Akasema alianguka.

Nikaandika: "Nyayo zote mbili zimevimba, anasema alianguka." Kisha nikaandika ungamo lake, nikamsomea, akaweka dole gumba, mimi nikatia saini na kugonga muhuri.

Ningeweza kukataa. Ningeandika kwamba sikuridhika na hiari yake, na kazi yangu ingeishia hapo. Lakini kumrudisha kungekuwa kumrudisha kwa nani? Kwa wale wawili wa kwenye benchi. Hilo nililifikiria nikiwa nimeshika kalamu, naye aliliona ninalifikiria, akasema kwa sauti ya chini, "Andika tu, mama." Nikaandika.

Baadaye niliitwa Mahakama Kuu kutoa ushahidi. Wakili wa utetezi aliniuliza kuhusu nyayo, nikajibu kama nilivyoandika. Wakili wa Serikali aliniuliza kama mtuhumiwa aliniambia anaungama kwa hiari, nikajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyoniambia. Karatasi ikapokelewa kuwa kielelezo. Nikashuka kizimbani, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Waheshimiwa, mpaka leo sijui kama kijana yule aliua. Inawezekana aliua. Mimi niliyemwona kwa macho yangu, niliyeisikia sauti yake, niliyeandika kila neno lake, sikuwa na njia ya kujua. Waliomvimbisha nyayo waliiharibu njia hiyo kabla hajafika mlangoni kwangu. Na hapo ndipo ninapogombana na sheria yetu, kwa sababu sheria inamwambia jaji aliyeko mbali zaidi na tukio kuliko nilivyokuwa mimi kwamba yeye anaweza kujua.

Nazungumzia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, na natumia namba za vifungu za toleo la 2019 na yaliyotangulia, ambazo wengi tumezizoea. Kifungu cha 27 kinasema ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya polisi linaweza kutumika dhidi ya aliyelitoa, na kwamba ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba ungamo litahesabiwa kuwa halikuwa la hiari iwapo mahakama itaamini kwamba lilisababishwa na vitisho, ahadi au jambo jingine la namna hiyo kutoka kwa polisi au mtu mwingine mwenye mamlaka. Mtu yeyote akisoma mpaka hapo atashukuru. Atafunga kitabu akijua kwamba akitishwa, maneno yake hayatatumika kumfunga.

Asifunge. Asome mpaka kifungu cha 29. Hicho kinasema, naeleza kwa maneno yangu, kwamba ungamo lisikataliwe kwa sababu ya ahadi au kitisho alichopewa mtu, isipokuwa mahakama ione kwamba ahadi au kitisho hicho, kwa aina yake na mazingira yake, kilielekea kumfanya akiri kosa kwa uongo. Kilichotolewa na mkono wa kulia kimechukuliwa na wa kushoto. Kifungu cha 27 kinauliza: mtu huyu alisema kwa hiari? Cha 29 kinauliza: hata kama hakusema kwa hiari, je, kitisho kile kilikuwa cha kumfanya aseme uongo? Maana yake ni kwamba vipo vitisho ambavyo sheria yetu inavivumilia, ilimradi jaji aone kwamba havikuwa vya kutosha kumpotosha mtu.

Mtaniambia kifungu kile kinataja ahadi na vitisho, hakitaji kipigo, na kwamba majaji wetu wamekwisha kukataa maungamo yaliyotokana na kipigo. Ni kweli na nawaheshimu kwa hilo. Lakini aliyewahi kukaa na watuhumiwa anajua kwamba kipigo na kitisho havikai vyumba viwili. Anayepigwa Jumatatu, Jumanne hahitaji kupigwa. Inatosha aonyeshwe fimbo. Anayesikia mwenzake analia chumba cha pili hajaguswa hata unywele. Anayeambiwa "mama yako tumemleta, yuko pale kaunta, tumweke ndani?" hana jeraha la kumwonyesha daktari. Nimewahi kuambiwa maneno hayo na mtuhumiwa ambaye mwili wake ulikuwa mzima kabisa. Je, "tumweke ndani mama yako" ni kitisho cha kumfanya mtu akiri uongo, au cha kumfanya akiri kweli? Mimi nasema swali hilo halina jibu. Mtu mwenye hatia atakiri ili mama yake aachiwe, na asiye na hatia atakiri kwa sababu ile ile, kwa maneno yale yale, na machozi yale yale.

Ndiyo maana naomba kifungu cha 29 kifutwe chote. Mahakama iulize jambo moja linaloweza kuchunguzwa: ungamo hili limepatikanaje? Likiwa limepatikana kwa njia chafu liwekwe pembeni, bila kutazama kama lina harufu ya ukweli.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana naona vijana wengi wa sheria hawajui kwamba mlango huu haukuwa wazi tangu mwanzo. Wakati wa Waingereza, Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Sheria ile, kifungu cha 25, ilikataza kabisa ungamo lililotolewa kwa polisi lisithibitishwe dhidi ya mshtakiwa. Haikuwa huruma. Mwaka 1855 tume iliyochunguza utesaji huko Madras ilikuwa imeeleza jinsi watu walivyokuwa wakiteswa na watoza kodi na polisi, na miaka michache baadaye, mwaka 1861, marufuku hiyo ikaingizwa kwenye sheria ya India. Mkoloni aliwajua askari wake mwenyewe. Tulipotunga sheria yetu mwaka 1967 tuliibakiza marufuku ile. Nchi huru, iliyokuwa na umri wa miaka sita, ilisema: ukitaka ungamo la mtu litumike mahakamani, usilipokee kituo cha polisi.

Kisha kukatokea yaliyotokea Mwanza na Shinyanga mwaka 1976. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Watu walikamatwa kwa wingi katika msako wa mauaji ya vikongwe, wakateswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu hata kofi. Aliona wizara iliyofanya yale ni wizara yake. Mpaka leo tunamtaja kwa heshima kwa uamuzi ule, na watoto wanafundishwa habari zake kama mfano wa uwajibikaji.

Ila sehemu hii haitajwi. Mwaka 1980, miaka mitatu tu baada ya waziri kujiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa wakiteswa, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyogeuza kifungu cha 27. Kuanzia hapo ungamo mbele ya polisi likaruhusiwa, na kwa ajili ya sheria hiyo "polisi" ni askari yeyote kuanzia cheo cha koplo. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu kinachotokea askari anapotafuta ungamo kwa udi na uvumba, na jibu letu likawa kuliongezea ungamo lake thamani. Nimejaribu miaka yote hii kuelewa mantiki yake, nimeshindwa. Mnaofanya kazi kwenye kumbukumbu za Bunge, nawaomba mtuletee hoja zilizotolewa siku ile tuzisome.

Najua hoja inayotolewa leo, kwa sababu nimeisikia kwa askari niliofanya nao kazi, na wengine wao walikuwa watu wema. "Mama, huko vijijini nani atatoa ushahidi? Wote wanaogopa. Alama za vidole hatuna, vipimo vya Mkemia Mkuu vinachukua miezi. Bila ungamo kesi inakufa." Siidharau hoja hiyo. Nimekaa na ndugu wa marehemu kwenye viti vya mahakama, nimewaona wakimtazama mtuhumiwa akiachiwa. Lakini kesi iliyosimama kwenye ungamo la kipigo hufa pia, ila inakufa baada ya miaka kumi, kwenye Mahakama ya Rufani, wakati mashahidi wamekufa na wengine wamesahau, na kama muuaji alikuwa mtu mwingine amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Ndugu wa marehemu hapo wamepata nini?

Na sheria haijawaacha wapelelezi mikono mitupu. Kifungu cha 31 kinaruhusu taarifa ya mtuhumiwa aliyeko mikononi mwa polisi itumike pale inapopelekea kugunduliwa kwa kitu: panga lililofukiwa, simu iliyotupwa chooni, nguo zenye damu. Kanuni hiyo ilikuwepo hata kabla ya 1980. Kwa hiyo ninachokiomba hakiwazuii kuzungumza na mtuhumiwa. Kinawazuia kumleta mahakamani akiwa na karatasi peke yake.

Nizungumzie karatasi yenyewe, maana hili ni la kwetu tulioziandika na kuzisoma. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi huyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yana lugha yake. Kijana wa kijijini anayezungumza Kisukuma nyumbani, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani, ukimsoma kwenye maelezo ya onyo utamkuta anasema "nakumbuka mnamo tarehe tajwa majira ya saa mbili usiku nikiwa na wenzangu tulikula njama kwa nia ovu." Hakuna mtu anayezungumza hivyo. Nimewahi kusoma maelezo ya washtakiwa watatu wa kesi moja, waliokamatwa siku tofauti, yakiwa na sentensi zile zile na makosa yale yale ya tahajia. Na yote yakamalizika kwa maneno tunayoyajua kwa moyo: "nimetoa maelezo haya kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu yeyote." Askari anaandika, askari anasoma, mtuhumiwa anaweka dole gumba. Kwa hiyo kinachofika mbele ya jaji ni ripoti ya mpelelezi iliyoandikwa katika nafsi ya kwanza.

Yupo atakayesema tunao muda wa saa nne. Tunao. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu kuwekwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane, na zaidi ya hapo kwa ruhusa ya hakimu. Inasema pia aelezwe haki yake ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kuna wakati Mahakama ya Rufani ilikuwa kali sana juu ya saa hizi. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake watatu, ya mwaka 2006, ilisema kwamba kumweka mtu mikononi mwa polisi kupita muda uliowekwa ni kumtesa, iwe kwa akili au kwa namna nyingine. Niliposoma uamuzi ule nilifurahi mno. Lakini baadaye, katika rufaa ya Nyerere Nyague, iliyofunguliwa 2010, mahakama hiyo hiyo ikaeleza kwamba si kila ukiukwaji wa sheria ile unafanya ushahidi ukataliwe moja kwa moja, kwa kuwa kifungu cha 169 cha sheria hiyo kinampa jaji uhuru wa kupima. Majaji wanafuata sheria mliyowapa. Mmewapa mizani, hamkuwapa mstari. Mpelelezi akijua kuna mizani anajaribu bahati yake.

Mwaka 2021 nchi nzima ilijifunza maneno "kesi ndogo ndani ya kesi", yaani shauri la kuamua kama maelezo yalitolewa kwa hiari kabla hayajapokelewa. Katika kesi ya ugaidi iliyomhusu Freeman Mbowe na wenzake watatu, washtakiwa wawili walipinga maelezo yao ya onyo wakisema waliteswa. Upande wa mashtaka ulikana. Mahakama Kuu ilisikiliza pande zote, ikayatupa mapingamizi yote mawili, na Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi yenyewe. Sitaki kuirudia siasa yake, kila mtu ana upande. Ninachowaomba mkitazame ni kazi iliyofanywa na mahakama kwa wiki kadhaa: watu wazima, wasomi, wakibishana ni nani alikuwa kituo gani, saa ngapi, na nani alisema nini ndani ya chumba ambacho hakikuwa na kamera. Jaji akabaki na neno la askari na neno la mshtakiwa. Hiyo ni kesi iliyokuwa na mawakili wengi hodari na waandishi wa habari kila siku. Fikirieni kesi ya kijana wangu wa kandambili.

Maana sheria inataka pingamizi litolewe kabla karatasi haijapokelewa. Mshtakiwa ambaye hana wakili, anayesimama kizimbani mara ya kwanza maishani, anaulizwa na hakimu, "Una pingamizi?" Hajui pingamizi ni nini. Anasema "sina, mheshimiwa", na maelezo yanasomwa kwa sauti. Akija kujitetea wiki mbili baadaye na kusema alipigwa, anaambiwa hayo ni mawazo ya baadaye. Na hata akiyakana mapema, tangu uamuzi wa Tuwamoi wa mwaka 1967, wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama inaweza kumtia hatiani kwa ungamo alilolikana, bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ikiwa baada ya kujionya itaridhika kwamba lazima ni la kweli. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, mtu anaweza kuhukumiwa kifo kwa karatasi hiyo.

Tena akitaka kuthibitisha kwamba alipigwa, afanye nini? Hapa naomba msome polepole. Majeruhi wa kipigo hospitalini anaulizwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. PF3 inatolewa na polisi. Aliyepigwa na polisi anatakiwa aende polisi akaombe fomu ya kwenda kuonyesha alivyopigwa na polisi. Nimeona watu wakikaa mahabusu mpaka uvimbe ukapungua wenyewe, wakafikishwa mahakamani wakiwa wamepona, na upande wa mashtaka ukauliza: mbona hukwenda hospitali?

Jirani zetu hawakai kama sisi. Kenya waliufunga mlango mwaka 2003, wakasema ungamo litolewe mahakamani tu. Mwaka 2007 wakaufungua kidogo: kifungu cha 25A cha sheria yao ya ushahidi kinaruhusu ungamo mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa kuanzia cheo kilichowekwa na sheria hiyo, ambaye si mpelelezi wa kesi, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Mwaka 2009 wakatunga kanuni za kueleza kila hatua. Sisemi polisi wa Kenya wameacha kupiga watu. Nasema kipigo chao kimepungua thamani mahakamani. Na wale wanaohofia kwamba masharti yataua maungamo yote watazame kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi. Mmoja wa washtakiwa alitoa ungamo, baadaye akalipinga, jaji akalichunguza jinsi lilivyochukuliwa, akalipokea, na mwaka 2022 maofisa watatu wa polisi na mtoa habari wao wakatiwa hatiani. Ungamo lililochukuliwa kwa utaratibu lilisaidia kuwatia hatiani polisi wenyewe.

Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji wa 1984, ambao ibara yake ya 15 inakataza kauli iliyotokana na utesaji isitumike katika shauri lolote, isipokuwa dhidi ya aliyetesa. Uganda ilitunga sheria ya kuzuia utesaji 2012, Kenya 2017. Sisi tuliowahi kumpoteza waziri kwa ajili ya jambo hili tumebaki nje ya mkataba ule. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inasema "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Maneno mazuri na ni ya Kiswahili chetu. Lakini mtafuteni kwenye Kanuni ya Adhabu mtu anayeshtakiwa kwa kosa liitwalo kutesa. Askari aliyezivimbisha zile nyayo, kama angewahi kushtakiwa, angeshtakiwa kwa kujeruhi kama walevi waliogombana kilabuni.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchi, ikawasikiliza wananchi, ikamkabidhi Rais ripoti mwezi Julai. Wananchi walisema mengi. Kwa hiyo sitaki mniambie kwamba jambo hili linahitaji tume nyingine.

Nimekwisha kuomba kifungu cha 29 kifutwe. Naomba pia kifungu cha 27 kirudi kama kilivyokuwa kabla ya 1980. Kama hilo mtaliona zito, basi angalau ungamo la polisi lisipokelewe kama halikurekodiwa kwa picha na sauti tangu swali la kwanza, mbele ya wakili au mtu aliyechaguliwa na mtuhumiwa, na lisichukuliwe na anayeipeleleza kesi. Simu ya askari wa kawaida leo inarekodi. Gharama isiwe kisingizio kwa kesi za mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hospitali ziruhusiwe kumtibu na kumwandikia majeraha yake mtu anayesema ameumizwa na polisi bila kudai PF3.

Ila kama mngenipa jambo moja tu, ningechagua la walinzi wa amani, kwa sababu naijua ile meza. Mpeni mlinzi wa amani mamlaka ya kuamuru kwamba mtuhumiwa aliyeletwa mbele yake asirudi kituoni, awe ameungama au amekataa kuungama. Apelekwe gerezani kama mahabusu, kwa askari magereza ambao hawana kesi naye, akiwa na barua ya kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Mtuhumiwa aelezwe hivyo mwanzoni kabisa, kabla ya swali la kwanza: kijana, ukisema ndiyo au ukisema hapana, hurudi kwa waliokuleta. Kama ningekuwa na maneno hayo ya kumwambia asubuhi ile, naamini asingeangalia dirishani. Angenieleza habari za nyayo zake, au angenieleza kwamba ni kweli aliua, na mimi ningekuwa nimeandika kitu ninachoweza kukisimamia.

Daftari nililokuwa nikiandikia maswali na majibu kabla ya kuyanakili kwenye fomu ninalo mpaka leo. Mkiniita mbele ya kamati nitakuja nalo, kwa nauli yangu, na nitajibu chochote mtakachoniuliza.

Wenu katika kazi,

Hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
Mwanza